Dakika Nane Bila Mtafsiri

Siku ya kwanza nilipokaa kando ya televisheni katika banda la video mjini Kasulu, mwaka 2012, kichwa changu kilikuwa kimeshaota mvi. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na kukaa bure kulinishinda. Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu huenda hamuijui kazi ya mtafsiri. Unashika kipaza sauti, unapunguza sauti ya filamu kwenye mikisa, kile kisanduku cha vitufe, kisha unawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, mwizi na polisi, bibi na bwana harusi.

Mwenye Banda alinipa sheria moja. "Mwalimu, mtafsiri akinyamaza, mteja anatoka. Usiache pengo."

Sikuacha. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa kuukuu, ya mama anayemsindikiza mwanawe vitani. Kofia za waigizaji zilichekesha watu, na damu ilionekana wazi kuwa ni rangi. Lakini kuna pale wanapoagana stesheni: dakika nane nzima hakuna anayesema neno, ni okestra tu. Fidla zinaanza chini kabisa, tarumbeta zinafuata, kisha vyote vinapanda pamoja. Mimi nilizijaza dakika zile mizaha. Mara mama kasahau kumfungia mwanawe mihogo, mara treni imeishiwa mafuta. Watu walicheka, nami nikajiona fundi.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mama muuza maharage wa Heru Juu, mteja wetu wa siku nyingi, alinisubiri mlangoni, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Hadithi ninaijua yote. Ninatembea kutoka Heru Juu kuja kusikia zile fidla, na wewe unazifunika kila siku. Unaogopa nini?"

Niliona aibu, maana alisema kweli: niliogopa kunyamaza. Siku hiyohiyo, stesheni ilipofika, nilipandisha sauti ya filamu nikafunga mdomo. Hakuna aliyetoka. Hata hivyo Mwenye Banda alikasirika, akanihamishia banda lake la Kibondo. Huko nako Msimamizi alinionya, nami nikanyamaza vilevile. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko kwao walipofika kambi ya Nduta, huko huko Kibondo, tuliombwa kwenda kuwaonyesha filamu ile. Msimamizi alinivuta pembeni.

"Hawa wageni Kiswahili chenyewe wanakiokoteza. Uwachangamshe mwanzo mwisho. Ukinyamaza leo, kesho usije kazini."

Niliipenda kazi ile, sifichi. Mchana ule hema la maonyesho lilijaa. Stesheni ilipofika, nilikiweka kipaza sauti magotini. Msimamizi alinikazia macho. Fidla zikaanza, na watu waliokuwa wakigombea nafasi wakatulia. Wimbo wa fidla uliporudi mara ya pili, mwanamke mmoja aliufuata kwa sauti ya puani, midomo imefumbwa. Jirani zake nao wakaufuata, watu ambao hawakuwahi kuiona filamu hiyo.

Treni ilipoondoka muziki ulikoma, nami nikanyanyua kipaza sauti niendelee na kazi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alinishika mkono.

"Buhoro, polepole, mzee mwenzangu," alisema. "Subiri kwanza. Sisi bado tuko stesheni."

Nikakizima kipaza sauti, tukasubiri wote. Kesho yake sikwenda kazini. Ndivyo nilivyostaafu mara ya pili, na safari hii sikuona kama nimebakiza kazi.