Picha Isiyotetemeka

Philomena Robi hajui kuandika zaidi ya jina lake, na hilo nalo analiandika kalamu ikikwaruza. Lakini katika banda lake la video pale kijijini Kerende, hakuna wa kumfundisha filamu za karate. Yale maandishi ya chini hayamhusu. Yeye anasoma jinsi picha inavyotembea.

"Huyu anakufa," alikuwa akisema, kapu la karanga mapajani.

"Bibi, ulishaiona hii?" vijana wakiuliza.

"Sijaiona. Hamwoni picha inamsogelea usoni polepole, kama mtu anayenyatia kuku? Mshika kamera anajua kabla yenu, vichwa maboga nyie."

Na kweli, yule mtu anakufa. Picha ikikimbia na kutetemeka, alisema, basi mshika kamera naye anaogopa, na mpiganaji huenda akapona. Ikitulia tuli, hapo hakuna cha kuombea.

Mwanawe, Sadock, ndiye alikuwa akisimama na kipaza sauti, akitafsiri Kichina asichokijua, watu wakivunjika mbavu. Sadock alikatwa panga mchana kweupe, nje ya mashine ya kusaga, na mtu aliyefunika uso. Mtu huyo hakukamatwa. Wiliam, mtoto wa shemeji yake Philomena, alikuwepo, akarekodi kwa simu. Kijiji kizima kiliiona ile video, wakamsifu Wiliam kuwa ana moyo. Philomena alikataa kuiona. Alizika, akanyoa nywele, akafunga banda.

Mwezi mmoja baadaye, alasiri, Wiliam akamkuta anafagia banda.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

"Hili banda litaliwa na mchwa. Nipe funguo niliendeshe. Sadock angependa hivyo."

"Alikuambia?"

"Mama mkubwa nawe! Nani mwingine unaye? Mimi ndiye mwanao sasa."

Hapo hakudanganya. Hakuwa na mwingine. Philomena akatoa funguo kifuani, akazikunja kiganjani.

"Nitakupa. Kwanza niwekee ile video hapo kwenye televisheni. Nataka kumwona mwanangu kwenye kioo kikubwa."

Wiliam akaunga waya. Philomena akaketi kwenye benchi lake.

Sadock akatokea, gunia la mahindi begani, anacheka na mtu. Kisha picha ikamwacha. Ikaenda taratibu mpaka kwenye uchochoro, nyuma ya rundo la pumba. Hapakuwa na mtu. Picha ikasubiri pale, imetulia. Ndipo mwenye panga akatokea. Ikarudi naye hatua kwa hatua mpaka kwa Sadock, na haikutetemeka hata mara moja.

Kijiji kizima kilikuwa kimetazama panga.

"Rudia," alisema Philomena. Wiliam akarudia. "Tena."

Mara ya tatu alisimama, akaegemea fimbo.

"Mura, pale uchochoroni ulikuwa unamngoja nani?"

"Nilisikia kelele, Mama mkubwa."

"Kelele gani? Masikio yangu mazima. Nimesikia mashine, nimesikia mwanangu anacheka. Basi."

"Wewe umezoea maigizo ya Wachina. Hii siyo filamu."

"Ndiyo maana. Kwenye filamu mshika kamera analipwa ili asitetemeke. Wewe ndugu yako anakatwa, mkono wako uko kama umepigiliwa misumari!"

Wiliam akanyoosha mkono kuchomoa waya. Fimbo ikashuka kwenye vidole vyake. Na kabla hajasema lolote, yule mama akageukia mlango, akapiga yowe.

Huku yowe halisikilizwi mara mbili. Watu walitoka mashambani na majembe, wengine na marungu, wakidhani ng'ombe wameibwa. Wakajaa bandani wakihema, wamefunga mlango kwa miili yao. Wiliam alikuwa kaketi sakafuni, ameshika vidole.

Philomena akachukua kipaza sauti cha mwanawe. Mkono ulikuwa unamtetemeka, hakuuficha.

"Kaeni," alisema. "Leo natafsiri mimi. Panga mlishaliona. Sasa mtazameni aliyeshika kamera."