Vyungu Ambavyo Havikuwa vya Mama

Wiki iliyopita niliweka shavu langu kwenye chungu kando ya barabara ya Nairobi, hapa Nyamasaria, na muuzaji akacheka. Alidhani nimechanganyikiwa. Mimi sikumjali. Chungu kilikuwa na ile harufu ya udongo uliochomwa kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe, na harufu hiyo hainipiti hivi hivi. Inanishika mkono na kunirudisha Nyakach, ng'ambo ya soko la Katito, kwenye boma la mama yangu.

Macho yangu yamekwisha karibu yote. La kushoto lilitangulia, la kulia linafuata polepole. Ninaongozwa na mjukuu wangu Awuor, anayeniita Dani, yaani bibi, ambaye ana miaka tisa na mdomo mkali, na haya ninayosema ndiye anayeyaandika. Shule niliacha darasa la nne. Lakini duka la simiti na mabati mnaloliona pale kwenye kona nimelijenga mimi, bila msaada wa mume wala wa mjomba serikalini, kwa hiyo nisameheni kama maneno yangu hayakupigwa pasi.

Mama alikuwa mfinyanzi. Huku kwetu wanawake walifinyanga kila mmoja kwake, lakini walichoma pamoja, moto mmoja. Kuni chini, vyungu juu yake, halafu nyasi na mavi makavu mpaka kilima kizima kinafunikwa. Sasa sikiliza. Chungu ambacho hakijakauka vizuri kikiingia motoni kinapasuka kama bunduki, na vigae vyake vinavunja vya majirani. Ndiyo maana walikuwa na sheria yao. Mwanamke akipasua mioto mitatu mfululizo, anatolewa, achome peke yake. Na kuchoma peke yako si mchezo. Nani atakusaidia kupanga? Nani atakwenda nawe Katito umebeba vyungu vitano kichwani na mgongoni? Mwanamke aliyetolewa motoni alikuwa kama aliyefukuzwa kwao.

Macho ya mama yalianza na ukungu. Yeye alisema ni moshi. Kisha akaanza kumwaga uji pembeni ya bakuli, na siku moja akasalimia mbuzi akidhani ni mkwe wake, tukacheka sana, naye akacheka. Tangu hapo nikawa macho yake. Kila asubuhi alipotoka mlangoni aliuliza, "Akinyi, ziwa limeamkaje?" Kutoka kwetu ziwa linaonekana kule chini, nami nilimwambia limeamka jeusi, au limeamka jeupe, au kuna mvua inatoka upande wa Kendu. Aliuliza rangi ya ng'ombe wanaopita, aliuliza nani amevaa nini kanisani. Nilijiona mkubwa. Nilikuwa na miaka minane.

Kufinyanga hakukumshinda. Mikono yake haikuhitaji macho. Kilichomshinda ni kukauka. Chungu kibichi ni cheusi, kikikauka kinapauka kama majivu, na mfinyanzi anajua kwa kuangalia. Mama akaanza kuhesabu siku. Lakini siku za mvua ni waongo wakubwa. Moto wa kwanza alipasua. Wa pili akapasua tena, akavunja vitatu vya jirani.

Jirani huyo aliitwa Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu huku mke huitwa kwa alikotoka, au kwa mtoto wake, kama mama alivyoitwa Min Akinyi, mama yake Akinyi. Mwanamke wa sauti kubwa, mikono midogo kama ya mtoto, na moyo safi. Huyo ndiye aliyewakusanya wanawake wenzake wakazungumza bila mama. Hawakutaka kumtoa. Hawakutaka pia kumwambia. Wakatafuta njia ya katikati, na njia hiyo ilipita kwangu.

Kila mwanamke alikuwa na kikamba chake cha katani kilichosukwa. Unakizungusha shingoni mwa chungu kikiwa kibichi, kinaacha mstari wa alama, na watu wanajua hiki ni cha nani. Mama, mstari wake ulipokutana mwisho na mwanzo, alibonyeza kidole gumba, kikabaki kishimo. Hiyo ilikuwa kama sahihi yake. Nyar Seme aliniita kisimani akaniuliza kama nampenda mama yangu. Nikasema ndiyo. Akasema basi nimletee kile kikamba bila mama kujua, asuke cha kufanana nacho, nikirudishe, na nikae kimya. Akanipa kiazi kitamu cha moto. Nilikila njiani nikijiona nimeingia katika baraza la wanawake.

Kwa hiyo ikawa hivi. Mama alifinyanga vyungu vyake akabaki nyumbani, mimi na wanawake tukavibeba kwenda motoni. Lakini motoni havikuingia. Waliviweka nyuma ya boma la Nyar Seme, na badala yake wakachoma vya kwao walivyovipiga alama ya mama. Jioni nilimletea mama vyungu vizima, vinalia vizuri ukivigonga. Vyake vilirudishwa kwenye shimo la udongo. Niliviona. Mvua ilikuwa imejaza shimo, na vilikaa humo kama kuku wanaoatamia, kisha kimoja kikalegea shingo, kikalala upande, kikawa tope. Kile chungu nilimwona mama akikifinyanga siku nzima huku akiniimbia. Nilirudi nyumbani nikamwambia moto ulikuwa mzuri.

Mama alifurahi mno. Alisema moto umemsamehe. Alianza kufinyanga vikubwa zaidi, vya maji, vile ambavyo hata wenye macho wanaviogopa. Mioto miwili ilipita hivyo, na nilikuwa sili vizuri, kila nikimwona ananyoosha mgongo kwa furaha nilitamani kwenda nje.

Alasiri moja tulikuwa mlangoni tunapangusa vyungu vya kupeleka Katito. Mama alikuwa na kimoja mapajani, anakizungusha polepole, kidole kinafuata ule mstari wa shingoni. Kikafika kwenye kile kishimo. Akaweka kidole gumba chake. Hakikuingia. Akakigeuza, akajaribu tena. Kishimo kilikuwa kidogo, cha mtu mwenye mikono midogo.

"Akinyi," akasema, "hiki ni changu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kiangalie vizuri."

Nilikuwa ninakiangalia. Kile kishimo kilikuwa mbele ya macho yangu.

"Ni chako," nikasema.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikiweka chini taratibu, akachukua kingine, akaingiza kidole, akakiweka chini. Vyote. Halafu akaniambia niondoe vitu hivyo mlangoni, vinazuia njia.

Siku ya moto uliofuata alichukua fimbo akaenda mwenyewe. Aliniambia nibaki. Nilimfuata kwa mbali. Kwenye ua wa mkonge alianguka, akajipangusa magoti, akaendelea, akielekea kwenye sauti za wanawake. Waliponyamaza alijua amefika. Akauliza vyungu vyake viko wapi. Nyar Seme akamshika mkono akampeleka mpaka shimoni, akamwinamisha, mama akatia mkono ndani ya tope. Alikaa ameinama hapo muda, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Vilikuwa vibichi," Nyar Seme akasema. "Tulikuhurumia, Min Akinyi. Ungepasua mara ya tatu."

"Mngeniambia ni vibichi."

"Tungekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Nimepofuka, sijawa kiziwi."

Kuna mwanamke alitaka kucheka akajizuia. Mama akanawa mikono, akasema moto huo hatachoma, lakini ule mwingine atachoma, na kikipasuka hata kimoja atatoka mwenyewe bila kusukumwa.

Siku zilizofuata nilimwona anafanya jambo jipya. Kila alfajiri alibeba chungu kimoja kimoja akakiweka shavuni, akafumba macho, kama mtu anayesikiliza mtoto anapumua. Udongo wenye maji ndani ni baridi, hata ukiwa juu umepauka. Mkono wa mfinyanzi una ngozi ngumu, haulisikii hilo. Shavu linasikia. Moto ulipofika alitia vyungu sita. Wanawake walisimama mbali, na mimi nilisimama mbali zaidi, nikiwa nimeziba masikio. Hakikupasuka hata kimoja. Kilichopasuka siku hiyo kilikuwa cha Nyar Seme, na mama alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye ikawa desturi. Hakuna chungu kilichoingia motoni kabla ya shavu la Min Akinyi. Walimletea vyao wakapanga foleni mlangoni kwetu, naye akisema hiki bado, hiki bado, hiki peleka. Nao wakajifunza kumwambia mambo waziwazi: umevaa gauni kinyume, una mkaa puani. Alichoma nao mpaka uzee.

Wanawake aliwasamehe. Mimi pia alinisamehe, nadhani, kwa sababu alinipikia na kunisuka nywele kama kawaida, na mimi ndiye niliyemwongoza njiani mpaka nikaolewa. Lakini asubuhi ya pili baada ya kile chungu, alitoka mlangoni, mimi nikiwa nimesimama pale pale ubavuni mwake, tayari na jibu langu. Akainua sauti juu ya ua.

"Nyar Seme! Ziwa limeamkaje leo?"

Mimi hakuniuliza tena. Si ziwa, si ng'ombe, si rangi ya kitu chochote, mpaka tulipomzika.

Miaka mingi nilisema aliniadhibu kupita kiasi, mtoto wa miaka minane aliyetumwa na wakubwa. Nililisema hilo kwa hasira, hata mbele ya watu. Sasa siku za Alhamisi ninakwenda kwenye ukumbi wa kanisa, ambapo sisi tunaopoteza macho tunakutana, tunafundishana fimbo na kuhesabu hatua. Kuna vijana wanaotusaidia, watoto wazuri sana. Wananiambia nimependeza. Siku moja nilikaa nao saa nzima nikiwa na mchuzi wa samaki kifuani, na kila mmoja alisema nimependeza, mpaka mzee mwenzangu kipofu akaninusa akaniuliza nimepika nini. Siku hiyo nilirudi nyumbani sikuweza kula. Nilijua mama alihisi nini pale mlangoni. Wanawake walimnyang'anya vyungu. Mimi nilimnyang'anya macho yaliyobaki.

Basi pale kando ya barabara muuzaji aliapa chungu ni kizima kabisa, kama yai. Nikamuuliza Awuor.

"Kina ufa huku chini, Dani," akasema. "Amepaka udongo juu."

Muuzaji akasonya, akamwita mtoto mchawi. Nilimnunulia Awuor soda, baridi, kubwa. Tukiwa tunangoja kuvuka nikasikia maneno yamenitoka mdomoni kabla sijayafikiria.

"Awuor, ziwa limeamkaje leo?"

Akamaliza kufyonza soda yake.

"Hapa hatuoni ziwa, Dani. Kuna lori la mchanga tu."