Nilisimamia bajeti ya nyumba kama stoo ya ghala, nikaishia kumfukuza mama yangu kwa kilo tatu za sukari

Wakuu, salaam kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila kila nikipita naona nyuzi za watu wanaofundisha namna ya kubana matumizi ya nyumbani, na kila nikisoma nasikia aibu mpya. Basi leo na mimi niseme yangu. Hii si chai, yaani si hadithi ya kutunga. Na hata kama ingekuwa chai, mtaona ilivyokosa sukari.

Naishi Bungu, Kibiti. Wanaosafiri kwenda Lindi na Mtwara wanapajua, ni pale mabasi yanaposimama mnanunua korosho na machungwa kupitia dirishani.

Kabla ya hapo nilikaa Dar miaka tisa, nikiwa stoo kipa kwenye ghala la rangi. Kampuni ikapunguza watu, nikapunguzwa. Nikarudi nyumbani na begi moja, mke, watoto wawili, na ujuzi wa kuhesabu makopo.

Nyumbani tulikuwa watano. Mimi, mke wangu Mwajuma, binti yetu Rehema wa miaka kumi, mdogo wake, na mama yangu mzazi ambaye umri umeshamtupa mkono.

Mwaka huo tukauza korosho. Kwa wasiojua, mkulima wa huku hapokei mshahara. Unapata hela mara moja, labda mara mbili ukiwa na ufuta, halafu unaambiwa haya, ishi nazo mpaka mwakani.

Nikakaa chini na daftari. Nikatenga za kununua kiwanja kidogo kando ya barabara. Zilizobaki nikazigawa kwa miezi kumi na miwili, ikatoka laki moja kwa mwezi. Watu watano. Chakula, sabuni, umeme, madaftari ya shule, dawa za mama, kila kitu.

Nikamkabidhi Mwajuma karatasi. Akaisoma mpaka chini, akauliza swali moja tu.

"Na isipotosha?"

Nikamwambia, "Itatosha. Tatizo la nyumba nyingi siyo hela, ni usimamizi."

Akasema, "Haya, baba Rehema."

Mwajuma ni mtu wa Salale, huko delta, kwenye mikoko. Nimeishi naye miaka kumi na moja, na mpaka siku hiyo nilikuwa nadhani "haya" maana yake ni amekubali.

Wakuu, nilisimamia. Chupa ya mafuta ya kula niliichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, wiki ya kwanza mpaka hapa, wiki ya pili mpaka hapa. Mche wa sabuni niliukata kwa uzi vipande sawasawa. Sukari kilo tatu kwa mwezi. Vitunguu nilihesabu. Jioni Mwajuma ananipa ripoti, naandika, naweka sahihi. Yeye pia nilitaka asaini, akasema mkono una unga.

Na ikatosha! Januari ikatosha. Februari, Machi, Aprili. Kila mwisho wa mwezi nafunga hesabu, kinabaki kidogo.

Nikaanza kuvimba. Kwenye kijiwe cha kahawa mtu akilalamika maisha magumu, namkatiza. Natoa daftari mfukoni, natoa semina. Wakanipa jina, Waziri wa Fedha. Muuza kahawa akiniona tu anasema, "Waziri huyo, mpisheni." Watu wanacheka. Nikajua wanacheka kwa kuvutiwa.

Sasa kuna jambo nilipaswa kulishtukia mapema. Kwenye bajeti yangu kitoweo cha samaki kilikuwa Jumanne na Ijumaa, basi. Lakini unafika Jumatano unakuta mchuzi wa kamba, tui zito, harufu inakupokea uwanjani. Jumapili kamba tena, safari hii kwenye pilau.

Kamba hawakuwa na fungu. Stoo kipa wa kweli angesimama aulize mzigo huu umeingia kwa hati gani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa natafuna.

Mwezi wa tano simu ikaja kutoka Salale. Mama mkwe kateleza wakati anashuka kwenye boti, kavunjika mkono. Mwajuma akaaga, akasema atakaa kama wiki tatu amuuguze mamaye.

Nikampa nauli, tena kwa shingo upande, maana safari ya ukweni nayo haikuwa na fungu. Karatasi nikaichukua mwenyewe. Nikajisemea sasa ndipo watu wataona kazi ya usimamizi wa moja kwa moja.

Siku ya sita mafuta yalikuwa chini ya mstari wa wiki ya tatu.

Siku ya kumi kopo la sukari nililigeuza, akadondoka sisimizi mmoja. Kilo tatu, siku kumi!

Nikafanya kile nilichofundishwa ghalani. Stoki ikipungua bila maelezo, kuna mtu. Nikapiga hesabu ya nani anashinda nyumbani. Mimi nipo shamba, watoto wapo shule. Anabaki mmoja.

Na mama ana tabia yake, kila mtu Bungu anaijua. Jirani akipita anaulizia moto, mama anampa moto na kikombe cha chai juu. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha.

Ilikuwa asubuhi, tunakunywa uji, watoto wapo. Nikamuuliza.

"Mama, sukari inakwenda wapi?"

Akasema, "Inakwenda kwenye chai, mwanangu."

"Mbona Mwajuma akiwepo kilo tatu zinafika mwisho wa mwezi?"

Akasema, "Kamuulize mkeo."

"Mama, nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayebaki na kopo."

Wakuu, mnajua ule ukimya ambao hata mtoto mdogo anaacha kunywa uji? Mama alimaliza kikombe chake, akakisuuza, akakifunika juu ya meza. Mimi nikachukulia kwamba amekiri.

Kesho yake nikamkuta mlangoni na khanga zake amezifunga furushi.

"Nakwenda kwa Zaituni," akasema. Zaituni ni dada yangu, ameolewa Mchukwi. "Kule sukari haina mwenyewe."

Sikumzuia. Nasema ukweli, sikumzuia. Akasimamisha gari la kwenda Kibiti, akapanda. Mimi nikaingia ndani nikaandika kwenye daftari: walaji wamepungua, tarehe fulani.

Nikanunua kilo moja mpya nikaifungia kwenye sanduku la nguo, ufunguo nikauning'iniza shingoni.

Ikaisha siku ya tano.

Tulikuwa watatu tu. Mwizi ameshaondoka na wizi unaendelea. Nikakaa na daftari, nikajumlisha upya, nikatoa upya. Rehema ananitazama.

"Baba," akasema, "si wewe unakunywa vikombe viwili asubuhi na viwili jioni? Vijiko vitatu vitatu."

"Mama yako akiwepo nakunywa hivyohivyo, na inatosha."

"Mama huwa anaongeza."

"Anaongeza nini?"

"Sukari. Anaongeza kwenye kopo."

Nikamuuliza anaitoa wapi. Akatazama chini, akasema nimuulize mama. Sentensi ileile niliyoambiwa na mama yangu, ila safari hii niliisikia.

Kesho yake nikawaacha watoto kwa jirani, nikaenda Salale. Kibiti, kisha bodaboda mpaka Nyamisati, kisha boti. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakwama, tukashuka kumalizia kwa miguu. Tope magotini, suruali nimeikunja, mkononi nimeshika zawadi ya mama mkwe: mche wa sabuni. Nusu mche, tuseme ukweli.

Kufika, shemeji yangu, kaka yake Mwajuma, ananipokea kwa sauti. "Karibu, Waziri!"

Jina limevuka maji limefika huko.

Mwajuma nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, mbele yake kamba wakavu rundo. Anachambua, anafunga kwenye vifuko vidogo. Mama mkwe amekaa pembeni, mkono shingoni, anamwelekeza.

Nikakaa. Sikuhitaji kuuliza sana. Akanieleza taratibu huku mikono haisimami. Kaka yake anamtumia kamba kila wiki kwa bodaboda. Mimi nikienda shamba, yeye anawafunga na kuwapeleka stendi, anawauzia abiria na mama lishe. Saa saba yupo nyumbani. Ilianza Januari, wiki ileile niliyompa karatasi. Sukari, mafuta, dawa za mama, viatu vya Rehema, vyote vimepita hapo. Mistari yangu kwenye chupa alikuwa akiifuatisha kwa kuongezea mafuta, ili nisipate presha.

Nikauliza, "Nani anajua?"

"Bungu nzima, baba Rehema. Hata yule muuza kahawa wenu ni mteja wangu."

Pale ndipo nilipoelewa kile kicheko cha kijiweni.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akaacha kufunga. "Uliniletea karatasi ya matumizi tu. Mahali pa kuandika kinachoingia hukuniachia. Ungeniuliza, ningekwambia siku hiyohiyo."

Nilikuwa na jibu la hilo, mnatujua, tuliosoma stoo hatukosi jibu. Lakini akaongeza.

"Na mama yako alinikataza."

"Mama anajua?"

"Nani unadhani anafunga vile vifuko nikiwa stendi? Tunashirikiana naye. Mimi nilitaka nikwambie tangu Februari. Yeye akasema mwache. Akasema, mwanangu amerudi toka Dar hana kazi, ana aibu, halali vizuri. Hilo daftari ndilo linalomsimamisha. Mwache awe na kitu anachokiendesha."

Kisha akauliza, "Mama hajambo? Nani anamkandia miguu?"

Wakuu, nilitamani tope la pale nje linimeze. Nikamwambia. Nilisema yote, na mama mkwe anasikia.

Mwajuma hakupiga kelele. Alisimama akaingia ndani, akatoka na kifuko kikubwa cha kamba na khanga mpya ambayo kumbe alikuwa amemnunulia mama. Akaniwekea mapajani.

"Usipitie nyumbani. Nenda Mchukwi moja kwa moja. Mimi nitakuja nikimaliza kumuuguza mama yangu. Wewe kamuuguze wako."

Nikaenda. Nilifika kwa dada Zaituni nguo zina tope limekaukia. Dada alinitazama kutoka juu mpaka chini, kigoda hakunipa. Mama alikuwa barazani anachambua kisamvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Nikasema kwa yaliyotokea. Akasema yametokea mengi, nichague. Nikasema kwa maneno niliyomuuliza. Akasema kuulizwa si kosa, yeye ameulizwa mengi maishani. Majani yanakatika mikononi mwake, hanitazami.

Mwisho nikasema, "Mama, nilikuita mwizi."

"Hukuniita mwizi."

"Sikutamka. Lakini ndicho nilichosema."

Ndipo akaniangalia. "Haya. Sasa umesema."

Nikadhani nimesamehewa, na kweli alinisamehe, aliniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Lakini nilipomwambia twende nyumbani akasema hapana, atarudi Zaituni akimchoka. Zaituni akajibu kwa sauti kutoka jikoni kwamba hachoki mtu hapa.

Alikaa Mchukwi wiki tano. Mwajuma alirudi kabla yake.

Siku hizi mambo ni wazi. Mwajuma ana biashara yake mchana kweupe. Mimi ndiye ninayefuata mzigo Nyamisati, na kamba nawachambua, ingawa nimeambiwa nachambua vibaya. Bajeti bado tunaandika, ila tunakaa watatu, na mama yumo, na kalamu anashika Mwajuma. Kiwanja sikukipata. Amekinunua muuza kahawa, mtu ambaye hajawahi kuandika bajeti hata kwenye kiganja.

Nilichojifunza ni hiki, mkichukue au mkiache. Ukiona bajeti yako ndogo inatosha kuliko hesabu inavyokubali, usijipongeze. Kuna mtu ndani ya nyumba anaijazia, na pengine anakuficha kwa sababu anakupenda. Mtafute huyo umshukuru kabla hujaanza kutafuta mwizi.

Lakini sikuanzisha uzi huu kwa ajili ya kufundisha. Ya kufundisha nilishamaliza kijiweni.

Mama amesharudi, huu ni mwezi wa nne tangu arudi. Anacheka na wajukuu, anafunga vifuko vyake, jirani akipita bado anampa moto. Ila kuna kitu kimoja. Hachukui kitu jikoni bila kuniomba. Jana nipo kibarazani, akatoka, akasimama mbele yangu na kijiko mkononi.

"Mwanangu, naweza kuchukua chumvi kidogo?"

Nikamwambia mama, chumvi ni yako, nyumba ni yako. Akasema ahsante, akarudi ndani.

Mwajuma anasema ananitania tu. Huenda. Lakini mimi nilimtazama usoni, na hakuwa anacheka.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliowahi kumkosea mzazi kwa kitu kidogo cha kijinga namna hii, na akasema amesamehe. Ilichukua muda gani mpaka akaacha kuomba? Na mlifanya nini? Wa kunicheka nanyi karibuni, nimeshazoea, ila mkimaliza kucheka nijibuni hilo.