Nilisema baba amekufa, kisa anaigiza mazimwi

Admin, nifichie jina tafadhali. Na nyie mtakaosoma mnitukane kidogo tu, maana mie mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha. Nina miaka ishirini na saba, niliolewa mwaka jana, naishi na mume wangu Kimara na nina ujauzito wa miezi sita. Nauza kwenye duka la dawa. Mume wangu hana shida yoyote. Kinachonimaliza ni nilichomfanyia baba yangu mzazi.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita, baba akanilea peke yake huko Chamazi. Kazi yake ni kuigiza, ila si mwigizaji unayemwona sura. Baba ndiye anayekuwaga ndani ya zimwi. Jini likitoka kisimani, maiti ikifufuka, ni yeye. Utotoni aliona filamu ya Kijapani kwenye banda la video, dude kubwa linatoka baharini linakanyaga maghorofa. Wenzake wakapiga kelele, yeye akabaki anaangalia ile miguu, akagundua mle ndani kuna mtu. Ukubwani alizifuatilia habari za mwigizaji mwenyewe, Mjapani aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, anazimia kwa joto ndani ya vazi, akizinduka anarudi. Alinisimulia habari zake kama wanaume wengine wanavyosimulia za wachezaji mpira. "Sura yake hawaijui, ila mwendo wake dunia nzima inaujua," aliniambiaga. Mavazi yake alitengeneza mwenyewe uani kwa sponji la godoro, mipira ya tyubu na gundi, mie nikimshikia mkasi. Nilikuwa najivunia jamani. Nilikuwa najivunia sana.

Nilipoingia sekondari wakaanza kuniita Binti Zimwi. Kuna mwenzangu mama yake alimkataza kukaa dawati moja na mie, eti baba yangu ana majini ya kweli. Siku ya kikao cha wazazi baba alikuja na kanzu yake safi, wanafunzi wakaanza kumuungurumia madirishani. Yeye akacheka, akawaungurumia na yeye. Watoto walifurahi kweli, mie nilitamani ardhi inimeze. Jioni nikamwambia asije tena shuleni kwetu. Hakuja tena.

Miaka ikapita nikampata mume wangu, familia yao ni wenyeji wa Kinondoni, watu wa dini. Siku ya kwanza napelekwa kwao, watoto walikuwa wanaangalia filamu sebuleni. Mama mkwe akawafokea, "Zimeni hayo mashetani! Wanaoigiza hivyo walishaiuza imani yao." Kwenye televisheni alikuwa baba. Nilimjua kwa bega la kushoto, huwa analiinamisha. Mama mkwe akanigeukia, "Na baba yako mwanangu, anafanya kazi gani?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba alishafariki."

Yule mama alinikumbatia. "Pole, mama. Basi mzazi wako ni mie." Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema nilidanganya?

Baba mdogo, ndugu yake baba anayekaa Ubungo, nilimlilia siku mbili asimame kama walii wangu wa kuniozesha. Alinigombeza sana lakini akakubali. Kadi za harusi zikaandikwa "binti wa marehemu". Baba nikamwambia bado sijapata mchumba.

Sasa mwezi uliopita mume wangu akaniambia, "Mke wangu, kabla hujajifungua nataka twende kwenye kaburi la baba nikamwombee dua. Na mtoto akiwa wa kiume tumpe jina lake." Nilikwenda mbio Ubungo kwa baba mdogo kutafuta namna. Nilishafikia hata kufikiria kumwonyesha kaburi lolote. Baba mdogo aliniangalia, machozi yakamtoka.

"Baba yako anajua. Alijua kabla hujaolewa."

Kumbe jirani alimwonyesha kadi kwenye simu. Siku ileile baba akaenda Ubungo, akaketi, akamwambia mdogo wake, "Walii wake ni mie, na niko hai. Ukimwozesha bila idhini yangu, ndoa ya mwanangu itakuwa na doa. Kwa hiyo nakupa uwakili, mwozeshe. Na asijue kama najua." Wakaitwa majirani wawili wakashuhudia.

Nikamuuliza baba mdogo, "Siku yenyewe ya ndoa alikuwa wapi?"

"Kazini. Alisema akishavaa lile vazi hakuna anayemwona."

Nilikwenda Chamazi siku iliyofuata. Baba magoti yameisha kwa miaka ya kubeba yale mavazi, anatembea na mkongojo. "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Akaangalia tumbo, akatabasamu, "Miezi mingapi?" Nikaanguka miguuni kwake nikalia kama mtoto. Akaniinua kwa shida. Akasema, "Nimekufa kwenye filamu mara nyingi sana mwanangu. Hii moja ndiyo iliniuma."

Nikamwambia narudi nyumbani kusema ukweli. Akakataa katakata. "Usiseme. Wakikuacha na tumbo hilo nitakuwa nimekuharibia mara ya pili." Nikamuuliza, na mjukuu wako? Akaingia jikoni kunichemshia chai.

Ndugu zangu, leo ni Jumanne. Mume wangu ameshapanga twende makaburini Ijumaa baada ya swala, na mama mkwe amesema na yeye anakuja. Nikisema ukweli naweza kurudishwa kwetu, na baba atajilaumu mpaka anaingia kaburini. Nikinyamaza, nitasimama kwenye kaburi la mtu nisiyemjua, mume wangu ainue mikono amwombee baba yangu, na baba yangu yuko Chamazi anakunywa chai peke yake. Nimtii baba au nimwambie mume wangu? Na nikimwambia, sentensi ya kwanza iwe ipi? Nisaidieni kabla ya Ijumaa.