A Iliyovunjika Mguu

Nimerudi kutoka Kitale jana na hasira bado haijanishuka, kwa hivyo nivumilie. Unajua tangu nistaafu nimekuwa nikikusanya mabango ya sinema za zamani. Wanangu huniuliza mama mzima anataka nini na picha za waigizaji waliokwisha kuzeeka. Waigizaji siwataki. Ninachotafuta ni sehemu ya chini ya bango, penye jina la ukumbi na siku ya onyesho, kwa sababu hapo palikuwa pa Baba.

Baba alikuwa mpiga chapa Bungoma, katika chumba kimoja nyuma ya msikiti. Mabango yalichapishwa Bombay au Ulaya na kuletwa kwetu yakiwa yameachwa nafasi nyeupe chini. Yalikuwa ghali na yalitakiwa kurudi Nairobi yakiwa safi, kwa hivyo hakuna aliyeruhusiwa kuyaandika. Baba alichapa kipande cha karatasi chenye ukumbi, siku na saa, akakibandika pale peupe kwa gundi inayotoka kwa maji, ingawa mabango mengine hayakurudi kamwe. Alipanga herufi za mbao moja moja kwenye fremu, kinyumenyume, akazipaka wino kwa rola, akalaza karatasi juu na kukandamiza. Kazi yangu ilikuwa kuzifuta herufi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na harufu hiyo nilienda nayo hadi shuleni.

“Picha ni ya wenyewe,” Baba alikuwa akisema, “lakini siku ni yangu.”

Sinema ilianzia Kitale, daima Ijumaa saa kumi na moja, ikaja Bungoma, kisha ikaenda Ndalu na Myanga, ambako ilionyeshwa kwenye shuka lililotundikwa ukutani mwa ghala la mahindi. Kila ilipohama, Baba alibandika kipande kipya juu ya kile cha zamani. Mama alipika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ile ile ya uji, nasi watoto tulikwangua ukoko tukala huku tukifukuzwa. Kufikia Myanga, chini ya bango palikuwa pamenenepa kama chapati zilizopangwa. Ukitaka kujua lilikopita, ulibandua pembe kwa ukucha ukasoma kurudi nyuma.

Siku moja niliangusha A kubwa kwenye sakafu ya saruji ikavunjika mguu wa kulia. Nilingoja kuchapwa. Baba aliiokota, akaigeuza, akasema, “Basi hii sasa ni yako.” Tangu siku hiyo aliiweka katika jina la kila mji, nami nikawa nikipita barabarani naitafuta A yangu ukutani.

Baba alipofariki chumba kilifungwa, na zile herufi zikaletwa nyumbani kwenye gunia. Zilikuwa zimenyonya mafuta miaka mingi, zikashika moto upesi. Tulizipikia chai ya matanga. Mimi ndiye niliyezitia jikoni, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Nina mabango kumi na moja, na yote yamekatwa chini. Watu wanayaweka kwenye fremu za hoteli, wanaona yale maandishi yanaharibu picha, wanachukua makasi. Inaniuma sana. Halafu wiki iliyopita kijana mmoja wa Kitale, mwenye duka la vitu vya zamani, akanitumia picha ya bango alilolikuta darini. Chini palikuwa pamenenepa. Niliona kingo za karatasi, moja juu ya nyingine. Nikampigia simu nikamwambia asiliguse mpaka nifike.

Nilipita pale palipokuwa na jumba la sinema, sasa wanauza magodoro. Nikaingia dukani, kijana akanikunjulia bango akitabasamu.

“Nimekuoshea, mathe. Hapo chini kulikuwa na makaratasi imebandikwa ovyo ovyo. Nikaloweka na maji moto, ikatoka yote.”

Pale chini palikuwa peupe kabisa.

“Ziko wapi?” nikauliza.

Akanionyesha karai nje ya mlango. Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko, mtu mzima mimi, wateja wakinitazama. Ulikuwa uji wa kijivu tu. Nikampigia kelele ambazo sikuwahi kumpigia hata mwanangu.

Yule kijana alikuwa karibu kulia. “Pole, mathe. Nilikuwa nataka tu ikupendeze. Si uniambie ilikuwa imeandikwa nini, nikuprintie saa hii?”

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilikuwa nimechoka. Nikamtajia: Kitale, Ijumaa, saa kumi na moja. Akabofya kompyuta yake, na kabla sijapata pa kukaa karatasi ilikuwa imetoka, nyeupe, herufi zimenyooka.

Niliitazama ile A ya Kitale. Ilikuwa na miguu yote miwili. Nikairudisha mezani, nikatoka.