Jibu Langu Walilibandua, Tusi Wakaliacha

Aliyetuandikia yuko Bukavu. Jina lake tumelificha kwa ombi lake.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane, naishi Kadutu na watoto wanne. Natengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na kuiuza hapo hapo nyumbani. Naandika nina hasira, msinishangae.

Parokia yetu ina ubao nje ya kanisa. Mtu anabandika maoni yake, mwingine anamjibu chini yake, na komite inasimamia. Tulivyozoea hapa, karatasi ikifika Jumapili bila jibu, watu wanahesabu kwamba mhusika amekubali. Basi ikabandikwa moja isiyo na jina: eti kasiksi yangu ina karuho, ile sumu ya kuua polepole, na kwamba siku hizi nawapa wateja bila kuonja kwanza. Uongo mtupu. Sijawahi kumpa mtu kibuyu kabla sijanywa mimi mwenyewe akiniona, ndivyo mama alivyonilea.

Nikajibu siku ile ile. Kesho yake jibu halipo. Nikabandika jingine, nalo likaondolewa. Ile ya karuho ikabaki, tena ilipolegea kwa mvua waliikaza upya. Jumapili ilipopita, jirani tuliyekuwa tunaazimana chumvi akanigeuzia uso. Wateja wakakatika, na watoto wangu wanakula kwa kasiksi hiyo tu.

Nikamfuata mkubwa wa komite.

"Citoyen, nani alitosha karatasi yangu, aliiondoa ku ubao?"

"Komite."

"Juu ya nini?"

"Citoyenne, komite haielezaka. Ya kwako ilikuwa na matukano."

"Nilitukana nani?"

"Uliandika kama mutu anadanganya. Hiyo iko matukano."

"Na kuniita muuaji?"

"Ile iko mawazo ya mutu."

Niliondoka. Kumbe kuniita muuaji ni maoni, mimi kukataa ni tusi! Sheria hiyo imeandikwa wapi?

Na kinachoniudhi zaidi, bwana huyo huyo huja kunywa kwangu kila jioni, anapita mlango wa nyuma. Naonja, anapokea, anamaliza. Wiki iliyopita nikamuuliza kama haogopi karuho. Akacheka.

"Maman, mi najua haiko."

"Basi bandika jibu langu."

Akaweka kibuyu chini. "Nikibandika, batauliza juu ya nini tulitosha ile ya kwanza. Wewe lete kasiksi ku fête ya parokia, uonje mbele ya bote, mambo itaisha."

Yaani siku ya sikukuu mimi nisimame mbele ya parokia nzima nionje kama mshtakiwa, na wao wasieleze chochote. Nikienda, nimewasafisha wao. Nikikataa, watasema nimeogopa kunywa pombe yangu mwenyewe, na hapo nitafunga kazi kabisa. Namchukia mtu huyu, nasema wazi, na bado kila jioni namwonjea.

Nanyi wenye ukurasa, mkikata neno langu, semeni mmekata. Mkubwa huyo wa komite anaitwa (hapa tumekata jina la mtu, maana hatujamsikia yeye. Ukurasa). Ndugu wasomaji, sikukuu ni Jumapili ijayo na ndizi zimeshaiva. Niambieni, niende nikaonje, au nibaki kwangu?