Siku ya Mgeni Kila Mtu ni Mzima

Nimepigiwa simu kutoka kwetu Kaplong kwamba yule mama jirani yetu wa zamani, aliyekuwa akituletea maziwa kabla hajaumia mgongo, amefariki. Tangu hapo situlii. Nimeianza safu hii na kuifuta tena na tena, kwa sababu kila nikitaka kumsifu, hasira inatangulia.

Aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni, na baada ya hapo miguu yake ikawa ya kubembelezwa. Alitembea kwa kushika ukuta, na siku nyingi hakutembea kabisa. Michai yake ikapanda ikawa msitu. Aliomba ule msaada ambao serikali huwapa wenye ulemavu mkali, angalau apate wa kumchumia. Ofisa akaja nyumbani kuhakiki. Sasa, nani huku kwetu anamwacha mgeni akae mikono mitupu? Mama aliinuka, akaambaa na ukuta mpaka jikoni, akarudi na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, akammiminia kikombe kikajaa, kisha akamwongeza. Ofisa akanywa, akasifu, akaandika kwamba mama anajimudu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu aliamini kabisa kwamba amepona. Hakuwepo kesho yake, mama alipolala kifudifudi akiuma shuka kwa maumivu.

Ombi likakataliwa, nikampeleka kukata rufaa. "Lakini mama alinikaribisha mwenyewe," ofisa yule yule alisema tulipomkuta huko, na wala hakuwa mtu mbaya, jambo lililoniudhi zaidi.

"Sasa ungetoka kwangu na mdomo kavu?" mama akamuuliza. "Kijana yangu, ni miguu imekufa. Mimi sijakufa."

Ikaamuliwa atumwe mwingine. Majirani tukamfunza mama: mgeni akija, lala, usiguse kibuyu. Akaja binti mmoja amelowa mvua, matope hadi magotini. Mama alilala kama tulivyomwagiza, ila macho yake hayakutoka kwenye mikono ya yule binti, iliyokuwa haina kikombe. Nilipoinuka nimimine mimi, aligeukia ukuta, maana kwake mgeni hupewa na mwenye nyumba. Binti akasema asante, yuko kazini, akaandika yake, akaenda.

Rufaa ilikubaliwa. Nikampigia simu nikitarajia vigelegele.

"Wamenipatia," alisema. "Lakini yule msichana alitoka kwangu na njaa. Sasa atasema mimi ni mtu wa aina gani?"

Michai ilichumwa tena, dawa zikanunuliwa, na kwa hayo nashukuru. Lakini swali lake linanitembeza chumbani mpaka leo. Tumeweka msaada kwa ajili ya anayejua kuonekana hoi, tukaupeleka kwa watu waliolelewa kumficha mgeni maumivu yao. Ili asaidiwe, mama huyu alilazimika kuacha kitu pekee ambacho ule mteremko haukumnyang'anya. Sisi wenyewe tulimfundisha kukiacha, tukidhani tunamfaa.

Kwa hiyo nyinyi mnaotumwa kupima watu majumbani, nawasihi: siku ya mgeni, kila mtu huku ni mzima. Njooni, mpokee kikombe, mnywe, mshukuru. Halafu mrudi kesho yake asubuhi, mumwone aliyewamiminia ameamkaje.